Usianze na rangi

Dada, hiyo nyumba uliyopanga Nyalenda, Kisumu, unayotaka kupaka rangi, ngoja kwanza. Umesema rangi inabanduka chini, karibu na sakafu: mara nyingi huo ni unyevu unaoingia kutoka nje. Angalia gata, ule mfereji wa maji ya mvua kwenye paa, kisha udongo uliorundikana ukutani. Utoe mpaka uwe chini ya usawa wa sakafu ya ndani. Mabati ya zamani mara nyingi bado ni mazima, shida ni misumari iliyolegea na raba zake kukauka. Badilisha hiyo kabla ya mvua ya Machi. Plasta ukiigonga ikalia kama debe tupu, bandua sehemu hiyo yote, piga upya, iache ikauke kabisa ndipo upake. Na mwenye nyumba aandike kwamba gharama zitakatwa kwenye kodi ya nyumba. Akikataa kuandika, paka chumba chako cha kulala tu.