Shangazi anataka vyuma vitolewe

Shikamoo daktari. Mdogo wangu, dereva wa bodaboda hapa Kibaha, alivunjika mguu chini ya goti, mfupa ukatoboa ngozi. Hospitali wamemwekea vyuma vya nje. Miezi miwili sasa hajakanyaga. Shangazi anataka tuvitoe, akakandwe kwa fundi wa mifupa. Nikubali?

Marahaba, mwanangu. Usikubali kabisa. Muundi, yaani mfupa huo wa chini ya goti, kwa mbele umefunikwa na ngozi tu, nyama hakuna, na damu inayoufikia ni kidogo, kwa hiyo huunga polepole. Ukishatoboa ngozi, miezi minne hadi sita ni kawaida, na wengine huzidi. Kukandwa kutausogeza mfupa uliokwisha kuanza kushikana.

Safisheni vyuma vinapoingilia kwenye ngozi kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, na mikono inawiwe kwanza. Mkiona usaha, homa au chuma kinalegea, rudini hospitali siku hiyohiyo. Kama anavuta sigara aache. Inachelewesha mfupa kuunga, na wagonjwa wengi hawaambiwi. Goti na kifundo avikunje kila siku visikakamae.

Shangazi anampenda, hilo naliona. Nendeni naye kliniki aonyeshwe picha ya eksirei.