Mnauliza kama Jumapili huwa naenda uwanjani

Ndugu zangu, kwenye kundi la ukoo mmeniuliza mambo mawili: kama Jumapili huwa naenda uwanjani kuangalia ule mpira wa Wamarekani, na wao wanaupendea nini mchezo unaosimama kila baada ya sekunde chache. Nawajibu kweli tupu.

Uwanjani siendi. Niko Baltimore, timu ya hapa ni Ravens, na uwanja wao nauona nikiwa ndani ya basi. Tiketi ni ghali, tena Jumapili mara nyingi nina zamu. Kazi yangu mnaijua, kuhudumia wazee. Mpira nautazama hapo hapo kazini, kwenye TV ya ukumbini, nikiwa na wazee wenyewe. Wala msinionee huruma kwa hilo, maana hata wenyeji wengi wanauonea sebuleni. TV ndiyo iliyoukuza mchezo huu.

Mzee mmoja ninayemhudumia alikuwa na miaka 10 tarehe 28 Desemba 1958, siku Colts, timu ya Baltimore ya enzi zile, ilipocheza fainali na Giants kwenye uwanja wa Yankee Stadium, New York. Watu kama milioni 45 waliifuatilia kwenye TV. Lakini New York kwenyewe haikuonyeshwa! Ligi yao, NFL, ilikuwa inazuia mechi isionekane katika mji inakochezwa, ili watu wanunue tiketi. Hofu yao ilikuwa na sababu: mwaka 1950 Rams wa Los Angeles walirusha mechi zao za nyumbani, na watu uwanjani wakapungua karibu nusu. Kwa hiyo watoto wa Baltimore wakaona fainali ambayo watoto wa New York waliisikia redioni tu. Muda wa kawaida uliisha 17 kwa 17, ikaongezwa ngwe, atakayetangulia kufunga ndiye bingwa. Colts wakiwa wameukaribia mstari wa kufungia, picha ikakatika. Mzee anasema baba yake aliinuka akaanza kuipiga TV kwa kiganja. Picha ikarudi, Johnny Unitas akamkabidhi mpira Alan Ameche, Ameche akapenya katikati ya mabeki akavuka mstari, alama sita. 23 kwa 17. Akifika hapo mzee hunishika mkono, na mimi husimama kumsikiliza hata kama kazi zimerundikana.

Baada ya hapo pesa zikaja. Kamishna wa ligi, Pete Rozelle, aliwashawishi wenye timu wauze haki za matangazo kwa pamoja na kugawana sawasawa. Sheria ya ushindani ilikataza, wakaenda kwa wabunge, na Septemba 1961 Rais Kennedy akatia saini sheria ya kuwaruhusu. Kituo cha TV cha CBS kikalipa dola milioni 4.65 kwa mwaka, kila timu fungu lile lile. Ndiyo maana Green Bay, mji mdogo wenye watu kama laki moja, una timu inayolipwa na TV sawa na timu za New York. Mpango huo nausifu kwa moyo wote. Laiti ligi za soka zingeuiga.

Sasa lile la kusimama. Mechi inakula saa tatu, na mpira wenyewe ukiuhesabu unachezwa kama dakika 11. Sehemu kubwa ya masimamo imo katika sheria za mchezo, ila mengine ni ya matangazo ya biashara: mwamuzi anangoja hadi TV imalize. Matangazo hayo ndiyo yanayomlipia mtazamaji. Ninyi mnalipia king'amuzi au mnaingia kibanda umiza. Hapa, kwa miaka mingi, antena ya dirishani ilitosha.

Lakini pesa ya TV haifungwi na mji. Usiku wa Machi 1984 mwenye Colts alipakia vifaa vya timu kwenye malori, akahamia Indianapolis. Fungu lake la TV lingemfuata popote. Baltimore ikakaa bila timu ya ligi hiyo hadi 1996 walipokuja Ravens, na mzee wangu hadi leo akiona jezi ya Colts kwenye TV anageuza uso.

Na ubure wenyewe unaanza kumegwa. Mechi za Alhamisi usiku tangu 2022 ziko kwenye mtandao wa Amazon kwa malipo, na Januari 2024 hata mechi moja ya mtoano iliwekwa kwenye mtandao wa kulipia. Miji ya timu mbili zinazocheza bado inaonyeshwa bure, kwa hiyo Ravens tunawaona. Mechi nyingine za mitandaoni mzee hazioni. Mtu aliyeutazama mchezo huu tangu utotoni hapaswi kuulizwa nywila na kadi ya benki, na mtandao hajui kuutumia. Ligi ilisaini mikataba ya matangazo ya zaidi ya dola bilioni 100 mwaka 2021. Njaa ya kumtoza mzee huyu haina.