Mbwa wetu amepotewa na akili uzeeni. Je, tumuue?

"Shangazi, shikamoo. Mbwa wetu Tomi ana umri wa miaka 13. Kwa miezi kadhaa sasa anasimama kwenye pembe nyuma ya tangi la maji akiukodolea macho ukuta, anabweka usiku kucha pasipo mtu, anakojoa barazani, na juzi alimngurumia mume wangu kana kwamba ni mgeni. Jirani anasema amerogwa. Mume wangu anasema auawe. Nifanye nini?" – Mama wa Wawili, Moshi.

Marahaba, mwanangu. La kurogwa tuliache. Unayoyaeleza yanafanana sana na maradhi ya kupungukiwa na akili uzeeni, ambayo huwapata mbwa kama yanavyowapata wazee wetu. Hata protini inayojikusanya katika ubongo wa mbwa mzee, beta-amiloidi, ndiyo inayoonekana kwa binadamu mwenye ugonjwa wa Alzheimer, ule unaowapotezea wazee kumbukumbu. Katika utafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, uliochapishwa mwaka 2001, asilimia 28 ya mbwa wenye umri wa miaka 11 hadi 12 walikuwa na angalau dalili moja ya maradhi haya, na kwa wale wa miaka 15 hadi 16 ikawa asilimia 68.

Hata hivyo, usimhukumu Tomi kwa barua na jibu la gazetini. Mbwa anapobadilika tabia katika nchi zetu, swali la kwanza ni kadi yake ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo humuua mbwa ndani ya siku chache tangu dalili zianze, kwa hiyo miezi uliyoitaja inanipunguzia wasiwasi. Lakini kama chanjo ya kila mwaka imepitwa, mweleze daktari wa mifugo kabla hajamgusa, na yeyote aking'atwa, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na afike hospitalini siku hiyo hiyo. Daktari amchunguze pia macho, masikio, viungo, figo na mkojo, kwa sababu mbwa anayekojoa barazani huenda ana maambukizi ya kibofu, na anayenguruma huenda nyonga inamuuma au mtoto wa jicho amemzuia kuona ni nani anayemkaribia.

Sasa nije kwenye usiku, maana naamini ndio unaowachosha kuliko yote. Hukuniandikia Tomi anaishije mchana, lakini najua desturi ya nyumba zetu: mbwa wa ulinzi hufungiwa bandani tangu asubuhi, gizani, kisha hufunguliwa jua likizama. Mbwa kijana huhimili maisha hayo. Mzee ambaye ubongo wake haupambanui tena mchana na usiku hulala kutwa nzima na kuamka wakati ninyi mnalala, akiwa na hofu na asijue alipo. Mgeuzieni ratiba. Mchana akae nje penye mwanga na kivuli cha kujipumzisha, atembezwe polepole asubuhi na jioni, afichiwe vipande vya dagaa uani avitafute kwa pua, kwa kuwa kunusa ni kazi ya akili ambayo bado anaiweza. Usiku alale karibu na dirisha lenu, akiwa ameshapelekwa kukojoa, na taa hafifu ibaki ikiwaka. Akibweka, msimfokee, sauti ya mtu anayemjua, ikiongea taratibu, humtuliza zaidi. Kazi ya ulinzi imekwisha, na kama mnahitaji mlinzi mtafuteni mwingine.

Bakuli la maji na tandiko lake visihamishwe. Hiyo pembe nyuma ya tangi izibeni kwa ubao, kwani mbwa wa namna hii huingia mahali finyu na kusahau kwamba anaweza kurudi nyuma. Asipigwe kwa ajili ya mkojo. Watoto wamwite kwa mbele kabla ya kumgusa, na wasimwamshe usingizini wala kuachwa naye peke yao.

Kuhusu dawa, ipo selegilini, iliyoidhinishwa kwa maradhi haya ya mbwa nchini Marekani mwaka 1998. Haiponyi, bali huwapunguzia baadhi yao dalili, na haipatikani kirahisi kwetu. Daktari ndiye aamue. Ibuprofeni na diklofenaki, ambazo ni dawa za maumivu, pamoja na vidonge vya usingizi vya binadamu usimpe kabisa, kwani vinaweza kumuua.

Mume wako usimwone katili. Kungurumiwa na mbwa uliyemlea kunauma, na wanaume wengi huona ni rahisi kusema "auawe" kuliko kusema wameumia. Mwombe asubiri matokeo ya daktari, na kwa muda huo andikeni kila jioni kama Tomi amekula, amelala, na amefurahi kumwona yeyote kati yenu. Daftari hilo litamsaidia daktari kuona mwelekeo. Siku mbaya zikizidi njema, akawa hali chakula na hatulii hata baada ya matibabu, kumpumzisha kwa sindano ya daktari ni huruma, wala usione haya mbele ya jirani. Isiwe sumu, isiwe kamba, wala asiachwe porini. Na watoto waelezwe waziwazi kwamba amekufa. Wakiambiwa ametoroka, watashinda getini wakimngoja.