Kuifikia NAS ya ofisini kwa VPN ukiwa mbali

Swali: Tuna NAS (kifaa cha kuhifadhi faili kwenye mtandao) ofisini na ninataka kufungua faili zake nikiwa safarini. Nimefungua poti 445 kwenye ruta na kuielekeza kwenye kifaa hicho, lakini siunganishwi. Nimeshauriwa nitumie VPN. Nianzie wapi?

Jibu: Anza kwa kuifunga poti hiyo leo hii. Poti ni mlango wenye namba ambao data hupitia; poti 445 hutumiwa na SMB, itifaki ya kushiriki faili ndani ya mtandao wa ndani, na ndiyo iliyopitiwa na WannaCry mwezi Mei 2017, programu hasidi iliyofunga faili za watu katika nchi nyingi na kudai fidia. Watoa huduma wengi wa intaneti huizuia, na huenda ndiyo sababu hukuunganishwa. Ukurasa wa usimamizi wa NAS nao usiuweke wazi kwenye intaneti, kwa kuwa mwaka 2022 programu ya Deadbolt ilishambulia NAS za kampuni ya QNAP zilizokuwa zimeachwa hivyo.

Ukitumia VPN, kompyuta yako hupata njia iliyosimbwa hadi ndani ya mtandao wa ofisi, na kinachofikika kutoka nje ni seva ya VPN peke yake. Iweke seva hiyo kwenye ruta ikiwa ruta inaiwezesha, ili NAS isipokee chochote moja kwa moja kutoka nje. Kama haiwezekani, NAS nyingi zina seva ya VPN ndani yake. Kati ya aina za VPN ningechagua WireGuard, ambayo haimjibu kabisa mtu asiye na ufunguo sahihi; OpenVPN nayo inafaa, ila PPTP iache, kwani usimbaji wake ulikwisha kuvunjwa zamani.

Ipe NAS anwani ya ndani isiyobadilika, kisha fungua poti moja tu ya UDP (mojawapo ya njia za kusafirisha data), ambayo kwa WireGuard kwa kawaida ni 51820. Kila simu na kila kompyuta iwe na jozi yake ya funguo, ili simu ikipotea uondoe ufunguo wake bila kuwasumbua wengine. Kama NAS ina ngome yake ya mtandao (firewall), iruhusu anwani za VPN.

Wengi hukwama kwenye anwani, si kwenye VPN yenyewe. Linganisha anwani ya nje inayoonyeshwa na ruta na ile inayoonyeshwa na tovuti ya kuangalia IP. Zikitofautiana, hasa ile ya ruta ikiwa kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, mtoa huduma amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na hata ukifungua poti namna gani, maombi ya kutoka nje hayatakufikia. Hapo mwombe anwani ya umma, au tumia huduma kama Tailscale, ambayo huunganisha vifaa bila kuhitaji poti iliyofunguliwa. Ikiwa anwani ni ya umma lakini hubadilika, sajili jina la DDNS, yaani jina linalofuata anwani yako kila inapobadilika.

Kikwazo cha pili ni mitandao miwili yenye anwani zinazofanana. Ofisi ikitumia 192.168.1.0/24 (yaani 192.168.1.0 hadi 192.168.1.255) na hoteli uliyofikia ikitumia hiyo hiyo, kompyuta yako itaitafuta NAS hotelini. Kwa hiyo badilisha mtandao wa ofisi uwe na anwani zisizo za kawaida, mfano 192.168.37.0/24, na ufanye hivyo kabla ya kuweka mipangilio ya VPN kwenye vifaa, kwani baadaye utalazimika kurekebisha kila kifaa.

Jaribu kwa data ya simu, si kwa Wi-Fi ya ofisi. Ifungue NAS kwa anwani yake ya IP, maana majina yanayotangazwa ndani ya mtandao kwa kawaida hayavuki VPN. Ukiona muunganisho upo na folda zinaonekana, lakini faili kubwa zinakwama, punguza MTU ya WireGuard, yaani ukubwa wa juu wa kila pakiti ya data, kutoka 1420 hadi 1280.