Figo moja, Mlima Kenya, na dawa za maumivu

SWALI: Kakangu alimpa mama figo moja miaka miwili iliyopita, na wote wawili ni wazima. Sasa vijana wa mtaa wetu hapa Langoni, Lamu, wanapanga kupanda Mlima Kenya hadi kilele cha Lenana kuchangisha fedha za utafiti wa figo na kuhimiza watu watoe viungo. Kakangu naye kashika lazima aende. Figo moja itahimili? Wenzake wamemwambia anunue Diamox, ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, na Brufen ya maumivu. Na wale wanaosafishwa damu, waliokuwa wakikaa na mama hospitalini, washiriki vipi?

JIBU: Aende, dada, lakini Brufen ibaki Lamu.

Figo iliyobaki hutanuka na kuongeza kazi, hata ikafikia kama asilimia 70 ya nguvu ya zile mbili za mwanzo. Hiyo yatosha kupandia mlima. Machi 2022 kundi la watu 22 waliotoa figo lilipanda Kilimanjaro, ambao kilele chake ni mita 5,895. Lenana ni mita 4,985. Mwezi mmoja kabla ya safari apimwe presha, krietinini (taka ya damu inayoonyesha figo inavyofanya kazi) na protini kwenye mkojo. Presha ikiwa juu au protini ikionekana, daktari wake aamue kwanza.

Hatari yenyewe ni upungufu wa maji ukikutana na dawa ya maumivu. Brufen na diklofenaki hubana mshipa unaoingiza damu kwenye figo, wakati uleule ambapo mwili umekauka na figo inahitaji damu zaidi. Panado inafaa: vidonge viwili vya miligramu 500, visizidi vinane kwa saa 24. Tena asome kila boksi, kwa sababu dawa nyingi za mafua na maumivu zimechanganywa na mojawapo ya hizi.

Sisi watu wa pwani tumezoea jasho lituambie kiu. Mlimani halionekani: hewa ni kavu, jasho hukauka kabla halijalowesha shati, na kila pumzi inatoka na maji. Anywe lita tatu hadi nne kwa siku, kidogokidogo, na lita mojawapo aitie pakiti ya ORS (chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini), maana maji matupu kupita kiasi hushusha chumvi ya damu. Usiku chupa ailaze kichwa chini, kwani barafu huanza kuganda juu na mdomo hauzibi. Aende haja ndogo kwenye chupa nyingine inayoonyesha ndani, aangalie rangi kwa tochi. Rangi ya maji ya ndimu ni sawa. Ikiwa kama chai ya rangi, asiendelee kupanda: ama amekauka, ama misuli imechanika na mabaki yake yanaziba figo.

Misuli huchanika zaidi wakati wa kushuka, na Lamu haina miteremko. Michanga ya Shela itampa pumzi na miguu ya kupandia. Kwa kushuka atumie ngazi za nyumba ya ghorofa: mkoba wa kilo saba mgongoni, ashuke polepole dakika 30, mara tatu kwa wiki, kwa wiki kumi.

Diamox ni dawa nzuri, lakini hutolewa na figo, kwa hiyo daktari aone kipimo cha krietinini kwanza. Kipimo cha kawaida ni nusu ya kidonge cha miligramu 250 asubuhi na jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Aijaribu nyumbani siku mbili. Vidole kufa ganzi na kuchomachoma, na mkojo mwingi, ni kawaida. Mwenye mzio wa dawa za salfa amwambie daktari kabla ya kuigusa.

Kwa njia ya Sirimon, walale usiku mmoja Nanyuki, miwili kambi ya Old Moses (mita 3,300), miwili kambi ya Shipton's (mita 4,200). Wengi hukata usiku mmoja Old Moses kuokoa pesa, na hapo ndipo watu huugua. Kichwa kikiuma pamoja na kichefuchefu, wasipande. Mtu akipepesuka, au akihema akiwa amekaa, ashushwe palepale, hata kama ni usiku wa manane.

Wanaosafishwa damu wasipande. Vijana wawaandalie matembezi ya kuagana, Lamu hadi Shela, kwa mwendo wao, siku isiyo ya mashine, na mashua ya kuwarudisha. Msiwape madafu wala tende, hata kwa ukarimu: potasiamu iliyomo yaweza kusimamisha moyo wa mtu ambaye figo zake hazifanyi kazi.