Ubaridi ndani ya ndege ndogo: ziba kwanza, pasha baadaye

Ndugu, umesema ndege uliyoiunda inakugandisha mgongo kila ukielekea Nanyuki huku kifundo cha mguu wa kulia kikiungua, na sasa unataka kulifunika bomba la ekzosi, la kutolea moshi wa injini, kwa koti la pili la bati, ili hewa inayopashwa humo na kuletwa chumbani iwe na joto zaidi. Tafadhali ngoja. Nilianzia hapo hapo na msimu mzima ukaniponyoka.

Uwanja wa Wilson wenyewe, hapo Nairobi, uko karibu futi 5,500 juu ya bahari. Asubuhi ya Julai ukiruka na nyuzi 12, ukifika futi 10,500 utakuta kama 2 hivi, maana kila futi 1,000 hupunguza takriban nyuzi 2. Sasa, sehemu kubwa ya ubaridi huo haiingii kwa mbele. Ndege ikiwa kasi, mgandamizo wa hewa chumbani hushuka, kwa hiyo chumba huvuta hewa kutoka mkiani. Ndiyo inayokupiga mgongoni.

Usiku mmoja niliweka taa ndani ya mkia, nikazima za hangani, nikakaa kitini. Mwanga ulipenya kila mahali: kwenye matundu ya nyaya za usukani, kwenye maungio ya bawa, na mstari mrefu ukingoni mwa mlango. Nikashona pazia la turubai nyuma ya viti, na kila waya nikauvika mfuko wa ngozi laini. Hapo uwe makini sana: sukuma usukani mpaka mwisho pande zote, usikwame hata kidogo. Kisha acha tundu moja la kutolea hewa, kwani chumba kisicho na pa kutolea hakipokei hewa moto. Tofauti niliiona safari ya kwanza tu.

Baada ya hapo ndipo nikagusa koti la ekzosi. Nilizungushia bomba springi za chuma kisichoshika kutu ili hewa iguse chuma kingi zaidi. Vali ya kuingizia hewa moto chumbani, iliyo kwenye ukuta unaotenga injini na chumba, nayo iwe ya chuma hicho hicho. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660, na injini ikishika moto haitakukinga.

Lakini kabla ya yote, vua hilo koti la bati lililopo kwenye bomba uipime ekzosi kama inavuja. Mimi nilipuliza hewa kwa mashine ya kufagilia zulia, nikapaka maji ya sabuni. Chini ya klampu pakatoka povu dogo kama punje ya ulezi, likapasuka, likatoka tena. Kumbe nilikuwa nikivuta kaboni monoksidi, gesi ya sumu iliyomo katika moshi wa injini, isiyo na rangi wala harufu, na maumivu ya kichwa nikiyasingizia jua. Bomba lilichomelewa na fundi wa ndege, na sasa kipimo cha gesi hiyo kiko mbele ya macho yangu.

Mlango wa abiria bado unapitisha ubaridi. Nikipata mpira unaokaa vizuri nitakuambia.