Jani la mkungu halijakosea, KH hujapima: majibu ya maswali yenu

Wiki hii maswali mengi ni yaleyale ya majani ya mti wa mkungu, yale tunayoweka kwenye tangi la samaki ili kushusha pH (kipimo cha asidi ya maji, ikishuka asidi imepanda), na maji kubadilika rangi, nimechukua machache. Wale mnaoandika "samaki wangu wanakufa nifanyeje" halafu basi, husemi tangi lita ngapi, maji ya wapi, samaki gani, nimewaacha, mimi sipigi ramli.

*Nimeweka majani sita ya mkungu kwenye tangi la lita 60, maji yamekuwa kama chai ya rangi. Nimeharibu?* (Kigamboni)

Hujaharibu, hiyo ndo tanini yenyewe, ile asidi ya majani inayotoa rangi. Ila sita ni mengi, mkungu wa huku pwani jani lake kubwa, anza na moja kwa kila lita 30, hayo mengine toa. Rangi ikikukera weka mkaa wa filta. Mkaa wa filta nimesema, sio huo wa kuchomea mahindi, maana kuna mtu alishaniuliza.

*Wiki ya tatu hii nina majani kwenye tangi na pH haitoki 8.2. Natumia maji ya kisima. Nimeuziwa majani feki?* (Kisauni)

Jani limedondoka mtini litakuwaje feki ndugu yangu? Umepima KH, yaani kiasi cha kabonati kwenye maji, ile inayomeza asidi? Hujapima, najua, kila wiki nasema pima KH na kila wiki naletewa pH peke yake. Kisima cha pwani kinachota maji kwenye mwamba wa matumbawe, yamejaa chokaa, kwahiyo asidi ya majani ikiingia inamezwa palepale kabla haijasogeza kitu. KH ikiwa 12 hata uweke gunia zima utapata maji meusi yenye pH ya 8, basi. Ukitaka ishuke punguza KH kwanza, changanya nusu kwa nusu na maji ya mvua itabaki kama 6, hapo majani utaanza kuyaona yanafanya kazi. Mvua za kwanza ziache zioshe bati, kinga zinazofuata. Na usije ukajaza mvua tupu ukidhani umepata dawa, KH ikiwa sifuri pH inaweza kuporomoka usiku mmoja, ikishuka chini ya 6 na bakteria wa filta wanaokula amonia, sumu ya mkojo wa samaki, wanazubaa, inaanza kujikusanya.

Halafu angalia mapambo yako. Mimi mwenyewe niliokota kipande cha tumbawe ufukweni Bagamoyo, kizuri kweli, nikakiweka katikati ya tangi la samaki wa neoni, nikahangaika na majani miezi miwili, nabadilisha maji, nagombana na muuzaji, kumbe mchawi nimemkalisha mwenyewe katikati ya tangi. Nilikuja kukidondoshea siki kikatoa povu kama soda, ndo chokaa hiyo. Jiwe lolote ambalo hulijui lifanyie hivyo kabla halijaingia majini. Na kama samaki wako ni gapi na moli, kwanini unahangaika? Wao maji yako ya kisima ndo wanayapenda.

*Nina Tropheus, nataka kuwawekea majani wapate mazingira ya asili.* (Mwanza)

Asili ya nani? Hao wametoka Ziwa Tanganyika, pH inakaribia 9, KH inapita 16, maji meupe unaona hadi chini. Maji ya chai ni ya Rio Negro huko Amazon. Acha.

*Majani mabichi yanafaa?*

Hapana. Subiri lidondoke lenyewe likiwa jekundu au kahawia, kausha, suuza. La mti wa kando ya barabara kuu liache hukohuko.

*Mkungu sina, mwarobaini ninao, si majani ni majani?* (Dodoma)

Si majani ni majani hata kidogo. Mwarobaini una sumu ya wadudu, ukizidisha samaki wanaenda. Wazee wetu walikuwa wanaponda utupa wanamwaga mtoni samaki wanaelea, na mnyaa hivyohivyo, sasa we ukiona kila jani ni dawa utavua samaki wako sebuleni. Ya mpera yaliyokauka yanafaa. Unga wa miwati wa kutengenezea ngozi usiuguse, huo ni tanini kali iliyokolezwa. Na magome ya mkandaa sitaki hata kuyasikia, kukata mikoko bila kibali ni kosa.

*Beta wangu mkia unalika, nimeskia mkungu unatibu. Anakaa kwa chupa ya lita mbili.* (Nairobi)

Lita mbili! Ugonjwa wake ni hiyo chupa. Tanini inasaidia kuzuia baadhi ya bakteria na fangasi, sikatai, lakini haiondoi mkojo wa samaki majini. Mtafutie tangi la lita 20, badilisha maji robo kila wiki, ndo uweke jani, kipande tu, maana maji ya bomba ya Nairobi yanayotoka bwawa la Ndakaini ni laini, yaani KH yake ndogo, pH inashuka haraka. Kama ni ya borehole, yaani kisima, hesabu ni nyingine kabisa, rudi kwenye jibu la mtu wa Kisauni.

*Tangu niweke majani samaki wanahema juujuu, pH imefika 6. Niweke magadi ipande?* (Morogoro)

Usiweke! Umechelewa kuuliza lakini naomba uwe hujaweka. Kwenye pH ya 6 amonia nyingi imelala, haina ukali. Ukiirusha pH kutoka 7 hadi 8 tu ukali wake unaongezeka karibu mara 10, yaani utawaua kwa mkono wako huku unadhani unawaokoa. Toa majani yaliyooza, ndo yanayokula oksijeni, washa pampu ya hewa, badilisha maji kidogokidogo, asubuhi na jioni, huku unapima amonia. Ikifika sifuri ndo upandishe KH taratibu, na utumie baking soda, sio magadi ya kupikia maharage, magadi ni makali zaidi na huwezi kujua yamebeba nini kingine.

*Jani nalitoa lini?*

Likibaki mishipa mitupu kama wavu. Ukiwa na kamba wadogo humo usilitoe, watalimaliza wenyewe.